Kuvunja Kamati: Taasisi Tunazoziunda Kila Siku

Saa tatu usiku, orodha inaingia kwenye simu za watu kadhaa jijini Dar es Salaam. Mweka hazina wa kamati ya harusi ameituma kwenye grupu la WhatsApp kama alivyofanya jana na juzi: majina kwa namba, mbele ya jina ahadi, mbele ya ahadi kilicholipwa, na aliyemaliza kapigiwa alama ya vema. Chini kabisa kuna jumla ya ahadi, jumla ya taslimu na pengo lililobaki. Mtu aliyeahidi laki moja akatoa elfu thelathini anaisoma akijua kwamba shemeji yake, bosi wake wa zamani na mama wa nyumba ya pili nao wanaisoma. Hakuna aliyemsema. Kesho mchana atatuma elfu ishirini nyingine, na katibu ataandika kwamba imepokelewa, Mungu amzidishie.

Kamati hiyo ina mwenyekiti na makamu wake, katibu, mweka hazina, na kamati ndogo za chakula, vinywaji, ukumbi na mapambo, usafiri na burudani. Hukutana kila wiki, mara nyingi kwenye baa au uani kwa mmoja wao, husoma muhtasari wa kikao kilichopita na hugombana juu ya bajeti. Wajumbe hawana mkataba wala mshahara. Wengine hawajuani kabla ya kikao cha kwanza. Hata hivyo, katika miezi mitatu hivi wanakusanya mamilioni, wanalisha mamia ya wageni, wanawalipa mpishi, mpiga picha na mshereheshaji, kisha wanafanya jambo ambalo wizara, mashirika ya umma na asasi zenye wafadhili hulifanya kwa nadra sana. Wanakutana mara ya mwisho, wanasoma mapato na matumizi mbele ya maharusi, wanakula na kunywa kilichosalia, na kamati inavunjwa.

Maendeleo ya taasisi ni fani yenye vitabu vyake, washauri wake na ada zake. Mhadhara huu unadai kwamba Waswahili wanaijua kazi hiyo vizuri kuliko wanavyojipa sifa, ila wanaifanya mahali ambapo hakuna anayeiita kwa jina hilo: kwenye harusi, misiba, upatu na vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa. Na unadai zaidi: kinachozifanya taasisi hizo ndogo zifanye kazi ndicho hasa kinachoondolewa kwanza pindi taasisi inapokua, yaani mwenye mali kuiona hesabu yake kwa macho yake, na siku inayojulikana ya kufunga daftari.

Fani yenyewe ilianzia karibu na jikoni. Marekani ilipokuwa katika Vita vya Pili vya Dunia, nyama nzuri ilielekezwa kwa askari, na serikali ilitaka akina mama wa nyumbani wapike moyo, figo na viungo vingine vya ndani. Msomaji aliyelelewa kwa supu ya utumbo atajiuliza shida ilikuwa wapi, lakini kwa familia nyingi za huko hicho kilikuwa chakula cha aibu. Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani baada ya Hitler kuingia madarakani, alijaribu njia mbili katika jimbo la Iowa. Vikundi vingine vya akina mama vilisikiliza mhadhara mzuri kuhusu vitamini, uzalendo na mapishi. Vingine vilikaa kitako, vikazungumza juu ya vikwazo vya nyumbani, harufu, mume atakayenuna, na mwisho kila mama aliyekuwa tayari kujaribu akanyoosha mkono mbele ya wenzake. Baadaye ilionekana kwamba katika waliosikiliza mhadhara ni asilimia 3 tu waliopika mojawapo ya nyama hizo ambayo hawakuwahi kuipika kabla. Katika waliozungumza na kunyoosha mikono, walikuwa asilimia 32.

Matokeo hayo humweka pabaya kidogo mtu yeyote anayepanda jukwaani kutoa mhadhara wa umma. Yanawaweka pabaya zaidi wale ambao leo huchukua mpango mkakati wa miaka mitano, wakautia kwenye slaidi sitini na kuwasomea watumishi hotelini Bagamoyo au Naivasha, kisha wakashangaa kwamba Jumatatu ofisi imerudi ilivyokuwa. Lewin alifariki mwaka 1947, mwaka uleule alipochapisha wazo lake mashuhuri kwamba kikundi hubadilika kwa hatua tatu: kuyeyusha mazoea, kusogea, kugandisha mazoea mapya. Waliomfuata waliichukua michoro. Mikono iliyonyooshwa mbele ya wenzao wengi waliiacha.

Kwenye misiba haikuachwa. Mwaka 2000 mtafiti Joachim De Weerdt alizichunguza kaya zote za Nyakatoke, kijiji kidogo cha Kagera chenye kaya 119 wakati ule. Yeye na wenzake, akiwamo Stefan Dercon, baadaye walilinganisha vikundi vya kuzikana vya huko na vile vya Ethiopia vinavyoitwa iddir. Wachumi wengi walizoea kuviita vikundi vya aina hiyo visivyo rasmi, kana kwamba ni mikusanyiko ya huruma tu. Walichokikuta ni kanuni zilizoandikwa, daftari la wanachama, maelezo ya kifo cha nani kinahesabika na cha nani hakihesabiki, kiasi cha mchango, na faini kwa asiyetimiza wajibu. Mtu aliyewahi kuishi Bukoba, Moshi au Tabora hahitaji kuambiwa. Anajua kwamba daftari la msiba huandikwa jina kwa jina, na kwamba siku zamu yake ikifika litafunguliwa ukurasa wake.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, aliyaona mambo hayohayo kwa wavuvi wa Uturuki, wafugaji wa milima ya Uswisi na wenye mifereji ya umwagiliaji wa Nepal na Ufilipino. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alieleza kwamba jumuiya zilizodumu na mali yao ya pamoja zilikuwa na waangalizi wanaowajibika kwa wenye mali, na adhabu zilizoanza ndogo zikapanda polepole. Hapo ndipo zilipo faini za vikoba, ambazo wageni huziona za kitoto. Kuchelewa, faini. Simu kuita kikaoni, faini. Kusahau kitabu nyumbani, faini. Ni senti ndogo zisizomfilisi mtu, lakini zinamwambia mapema kwamba amepotoka, kabla kosa halijawa la kumpeleka polisi.

Sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa linastahili kutazamwa kwa karibu. Mtindo wake ulianzia Maradi nchini Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini, na tangu hapo umeenea sehemu kubwa ya Afrika. Ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, na anayelitunza sanduku nyumbani kwake hana hata mmoja. Mkutano ukianza, wenye funguo wanasimama na kufungua mbele ya wote. Wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti. Hisa za kila mwanachama hupigwa muhuri kwenye kijitabu chake, muhuri mmoja kwa hisa moja, hivyo hata asiyejua kusoma huhesabu mihuri na kujua alicho nacho. Mikopo inatolewa palepale, marejesho yanapokewa palepale.

Kisha linakuja jambo ambalo bodi nyingi za wakurugenzi zingelifanyia mzaha. Kabla sanduku halijafungwa, wanachama wote wanakariri salio la mfuko. Wiki inayofuata, kabla halijafunguliwa, wanaulizwa salio lilikuwa ngapi. Wanalitaja, ndipo fedha inahesabiwa kuona kama imelingana. Mkaguzi wa hesabu, kwa hiyo, ni kumbukumbu ya watu ishirini au ishirini na watano waliokaa kwenye mkeka. Kumhonga mmoja hakusaidii.

Mzunguko unapoisha, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja, madeni yote yanarudishwa na fedha yote inagawanywa kwa hisa. Asiyemtaka mwenzake anaondoka na chake bila kesi. Wanaotaka kuendelea wanaanza upya, wanapanga bei mpya ya hisa na kuchagua viongozi wengine ikibidi. Wataalamu wa benki waliuona mgawanyo huo kama udhaifu: mtaji unakua, halafu unausambaratisha? Lakini ndio ukaguzi ambao hauwezi kughushiwa. Hati ya mkaguzi inaweza kusema fedha ipo. Siku ya mgawo fedha lazima iwe mezani. Unguja, vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani viliingia kwenye mtindo huo kupitia mradi wa uhifadhi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watafiti waliorudi baada ya mradi kuondoka walikuta vikundi vimeongezeka badala ya kupungua. Kwa mtu anayeijua miradi ya wafadhili, ambayo visima vyake hukauka siku gari la mwisho linapoondoka, hiyo ni habari kubwa.

Bara, vikoba vimekuwa maisha ya kawaida kiasi kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevipa daraja lake, la nne, na kuvitaka visajiliwe.

Upatu ni mdogo kuliko kikoba na ni mkongwe kuliko sheria hiyo. Kijumbe anakusanya, zamu inapangwa, kila awamu mmoja anachukua fungu lote. Mama ntilie na mwalimu wa sekondari wanaweza kuwa kwenye mchezo mmoja. Nguvu yake ipo kwenye foleni: kila mchezaji anajua nani kapokea, nani anapokea leo, nani anafuata, na mchezo unaisha lini. Ndiyo maana kisa cha DECI kinafaa kusomeshwa katika vyuo vya uongozi. Kampuni hiyo ilivuma Tanzania hadi mwaka 2009 kwa kuwaahidi watu kwamba wakipanda mbegu ya fedha watavuna mara kadhaa. Ilipovunjika, watu waliokuwa wamejipanga kwa furaha wakajipanga kwa kilio, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Maelfu waliopoteza hawakuwa wajinga wa fedha; wengi wao walikuwa wamecheza upatu miaka mingi bila kudhulumiwa. Lakini hapa hakuna aliyejua foleni ina watu wangapi, mavuno yake yanatoka mfukoni mwa nani, wala mwisho ni lini. Palikuwa na lugha ya ujirani na sala, na daftari lilikuwa ofisini.

Historia ya pamba ya Kanda ya Ziwa inaonyesha jambo hilohilo kwa kipimo kikubwa zaidi, na kwa huzuni zaidi, kwa sababu hapakuwa na tapeli.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Usukuma na Ukerewe waliuza pamba yao kwa wafanyabiashara wenye mizani. Mkulima alifika na mzigo, mnunuzi akasoma uzito, na mkulima hakuwa na njia ya kubisha. Vikundi vya wakulima vikaanza kuweka wapimaji wao wenyewe: mtu wa kwao, anayejua kusoma mizani, akisimama pale mnunuzi anapopima, au akipima kabla. Katika vuguvugu hilo kijana Paul Bomani alijitokeza kuwa kiongozi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana kwa herufi VFCU. Katika miaka michache tu karibu pamba yote ya kanda ilipitia mikononi mwake, na likamiliki vinu vya kuchambulia. Lilitajwa kuwa miongoni mwa vyombo vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani. Bomani mwenyewe aliendelea hadi kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru.

Chombo kilichozaliwa kwa sababu mkulima alitaka kuiona mizani kikakua mpaka mkulima akaacha kuiona tena. Juu ya chama cha msingi palikuwa na chama kikuu, juu yake shirikisho, juu ya shirikisho bodi ya mazao. Kila ngazi ilikata gharama zake kwanza, na bei ya mkulima ilikuwa kile kilichobaki. Aliyelima hakuwa na uwezo wa kusema makato ya ngazi ya tatu ni makubwa mno, kwa sababu hakuwahi kuhudhuria kikao kilichoyapanga. Manung'uniko yaliyomlenga mfanyabiashara wa zamani yakaanza kumlenga karani wa ushirika. Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilitaja, pamoja na mengine, wanachama wasiokielewa chama chao, watumishi wasio na ujuzi, ukosefu wa demokrasia katika vyama vikuu na mkono wa wanasiasa. VFCU ikawekwa chini ya usimamizi na mwaka 1968 nafasi yake ikachukuliwa na Chama cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote nchini na kuzipa mamlaka za mazao kazi yao, yaani ikaongeza umbali badala ya kuupunguza. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha.

Inafaa kutazama tiba iliyotolewa baada ya uchunguzi wa 1966. Kwa sehemu kubwa ilikuwa udhibiti kutoka juu: maofisa zaidi, usimamizi wa serikali juu ya ajira, vibali. Ni tiba ambayo imetumika mara kwa mara tangu hapo. Kinachokosekana ni ile ya wapimaji wa 1950, ya kumrudishia mkulima macho yake.

Kuhusu kukua kwa ofisi zisizojua kufa, ushahidi mzuri kabisa umetoka kwa Waingereza. Cyril Northcote Parkinson, mwanahistoria aliyekuwa akifundisha Singapore, aliandika mwaka 1955 makala ya dhihaka iliyogeuka kuwa sayansi. Alichukua takwimu za wizara ya jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1914 meli kubwa za kivita zilizokuwa kazini zilikuwa 62, na maofisa wa wizara 2,000. Mwaka 1928 meli zilikuwa 20, maofisa 3,569. Meli zimepungua kwa theluthi mbili, makarani wameongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Kila ofisa, alisema Parkinson, hutaka wasaidizi, na wasaidizi hutengenezeana kazi. Hakuna aliyekuwa mvivu. Wote walirudi nyumbani wamechoka.

Kila mtumishi wa umma Afrika Mashariki anaijua kamati ya namna hiyo. Iliundwa kwa dharura ya miaka kumi iliyopita, dharura ikaisha, posho ya kikao ikabaki. Agenda ya kwanza ni kuthibitisha muhtasari, ya mwisho ni kupanga tarehe ya kikao kijacho, na katikati kuna chai. Hakuna anayethubutu kupendekeza ivunjwe, kwa kuwa atakayependekeza ataonekana anawanyima wenzake.

Hoja hii ina mipaka, na wapinzani wake wana la kusema. Macho ya watu yanayomsukuma mdaiwa alipe ndiyo yanayomfedhehesha aliyefukuzwa kazi wiki iliyopita. Kamati za harusi zimewatia watu kwenye mikopo ya kausha damu ili wasionekane hawakuchangia, na wapo waliojitoa kwenye magrupu kimyakimya, wakapoteza na urafiki. Vikundi vya kuzikana na vikoba huchagua wanaojimudu. Maskini kabisa hukaa nje kwa sababu hakuna atakayemdhamini. Pia kuna sanduku lililoibwa usiku, na kijumbe aliyehama mji. Anayevisifu vikundi hivi bila kuyataja hayo hajawahi kukaa kikaoni.

Pingamizi zito zaidi ni la ukubwa. Hospitali ya rufaa haiwezi kugawana fedha kila Desemba na kuanza upya, na wanachama laki tatu wa ushirika hawatoshi kwenye mkeka. Kweli. Lakini kinachoweza kupelekwa juu ni kanuni, si sanduku. Huduma za simu za vikundi, kama M-Koba iliyoanza Tanzania mwaka 2019, zimechukua wazo la kufuli tatu na kuligeuza kuwa idhini ya zaidi ya kiongozi mmoja, na fedha ikiingia au kutoka wanachama hupata ujumbe. Chama cha msingi cha korosho au kahawa kinaweza kumtumia mkulima kila kato, ngazi kwa ngazi, kwa ujumbe wa Kiswahili kabla mnada haujafungwa. Teknolojia yake ni nyepesi kuliko ile inayomtumia mkulima huyohuyo matangazo ya bahati nasibu kila jioni. Kama haifanyiki, sababu haiko kwenye mitambo.

Vyuo vikuu navyo vianze nyumbani. Wanafunzi wa shahada ya uongozi husoma visa vya kampuni za magari za Japani na viwanda vya Detroit, wanafanya mitihani, kisha jioni wanakwenda kwenye vikao vya send-off ambako wangeweza kujifunza zaidi kwa bei ya soda. Mwalimu wa fani hii angewatuma kuandika: nani anashika daftari, nani anaruhusiwa kulisoma, ahadi inageukaje fedha, ugomvi unaamuliwa na nani, na kwa nini kamati moja imemaliza na bakaa huku nyingine imemaliza na deni la ukumbi. Miaka mitatu ya kazi hiyo ingezaa kitabu cha kufundishia ambacho hakiwezi kuagizwa kutoka nje.

Wenye mamlaka ya kuteua wanaombwa jambo dogo zaidi, lisilohitaji bajeti wala mshauri. Barua ya kuunda kamati, kikosi kazi au tume yoyote iwe na tarehe mbili: siku ya kuanza, na siku ambayo wajumbe watasoma mapato na matumizi mbele ya waliowatuma na kuvunjika. Atakayetaka kuendelea baada ya hapo aombe upya, kwa sababu mpya.